Kilo za Dada Kahawa

Benchi letu liko kati ya meza yangu ya kushonea viatu na karakana ya baiskeli. Wakaaji wake wa kila asubuhi ni watatu. Kuna mimi, fundi viatu. Kuna Spoku, fundi baiskeli, mwembamba hivi kwamba upepo ukivuma tunamshika. Na kuna Takwimu, karani mstaafu, ambaye hakuna jambo asilolijua idadi yake. Kahawa anatuuzia Dada Kahawa, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Jumatatu alianguka hapo hapo, birika mkononi, akaungua mkono. Jumatano akarudi na bandeji. Alipoinama kupuliza makaa, hatua tatu tu kutoka tulipo, sisi tukaanza, kana kwamba mtu mnene hana masikio.

— Ni mafuta, akasema Spoku. Yamebana moyo. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Basi Jumatatu kibaba kilifurika.

— Wapi! Ni umbali, akasema Takwimu. Damu ikitoka moyoni kwako wewe, inafika kidoleni kwa dakika moja. Kwake ni dakika saba. Tena inapumzika njiani mara mbili.

— Nani kapima?

— Mambo ya hesabu hayapimwi, yanakokotolewa.

Nami nikatia langu, nisionekane bubu.

— Mimi nasema ni dunia. Dunia huvuta kizito kuliko chepesi. Siku ile ilivuta kwa pupa.

— Hapo umenena! Takwimu akadaka. Ndiyo maana hata benchi hili limeinama, na hajawahi kulikalia. Limeinama kwa kumwona tu!

Tukacheka mpaka Spoku akakohoa.

— Usipoziba ufa utajenga ukuta, akasema. Yeye azibe mdomo.

Dada Kahawa akainuka. Akafuta mkono wake mzima kwenye aproni.

— Mmemaliza?

Spoku akainama, akajifanya anafunga kamba ya kiatu.

— Basi nisikilizeni, kaka zangu, maana mnajua kila kitu isipokuwa kilichotokea. Siku kumi na nane nimekunywa maji ya moto na ndimu. Jioni tango moja. Mnajua nilianza lini? Siku fundi viatu aliponiambia nisikae hapa, ati hana gundi ya kutosha kuliunganisha benchi.

Kweli nilisema. Nakumbuka tulivyocheka, na yeye akacheka pamoja nasi.

— Nilicheka, akasema, kana kwamba amesoma mawazo yangu. Nikaenda nyumbani, sikula. Siku ya kumi, binti yangu, ana miaka tisa, akaona sina sahani, naye akaisukuma yake. Akasema, mama, na mimi nisije nikanenepa. Hata hapo sikuacha! Jumatatu nikaanguka. Zahanati wakanipima presha, sukari, moyo. Vyote sawa. Muuguzi akaniuliza, umekula lini mara ya mwisho? Nikaona aibu kumjibu. Nilianguka kwa njaa, jamani! Na nyinyi mmekaa hapa mnahesabu safari ya damu.

Takwimu akajikohoza.

— Dada, sisi tunakutakia heri. Mchelea mwana kulia, hulia yeye.

— Mimi si mwanao, mzee. Ningekuwa mwanao, ungeniuliza kama nimekula.

Akalirudisha birika kwenye makaa.

— Muuguzi akiniambia nipunguze chumvi, nitapunguza. Hayo ni yangu na yeye. Lakini kuulaza mwili huu njaa kama mbwa mwizi, nimeacha. Umezaa mara tatu. Umebeba birika hili miaka kumi na moja. Na nilipoutesa, wenyewe ndio uliolala chini ukadai chakula. Nani mwingine kanitetea hivyo? Sogeeni.

— Tusogee wapi? Spoku akauliza.

— Popote. Nakaa.

Tukasogea. Akakaa katikati. Benchi likalia, kama linavyomlilia kila mtu, likanyamaza. Akafungua bakuli lake la plastiki. Viazi vya kuchemsha na mayai mawili. Akaanza kula mbele yetu, bila haraka, macho makavu.

Spoku akainama, akasema kwa sauti ya chini:

— Mimi nimevaa suruali tatu.

— Ngapi? nikamuuliza.

— Tatu. Mama mkwe alisema binti yake kaolewa na mpini wa ufagio. Tangu hapo navaa tatu. Na joto hili.

Siku nyingine tungeanguka kwa kicheko. Dada Kahawa akamtazama, akampa yai moja.

— Kavue mbili, kaka yangu. Utaiva kuliko hili yai.

Takwimu lakini hakubali kushindwa.

— Hata hivyo, tukienda kwa hesabu, akipungua kilo ishirini tu...

Mbele ya meza yangu palikuwa na mama mmoja, mgeni, ameleta kiatu kilichokatika mkanda. Alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, akingoja nimalize kushona. Akageuka.

— Samahani, mzee. Akipungua hizo ishirini, wewe unapata ngapi?

Takwimu akafungua mdomo. Miaka yote ninayomjua, sijawahi kumwona amekosa namba. Akanitazama mimi. Mimi nikaitazama sindano. Spoku alikuwa na yai mdomoni. Dada Kahawa akamenya kiazi cha pili, akala taratibu, na sisi tukangoja amalize ndipo tuombe kahawa.