Meza Kando ya Maziwa: Sista Ndelilio Anapumzika

Ijumaa hii, tarehe 14 Novemba, Sista Ndelilio Nkya anatimiza miaka sitini, na baada ya miaka thelathini na mitatu ya uuguzi anakabidhi funguo za chumba cha mama na mtoto. Miaka ishirini na miwili kati ya hiyo ameitumia hapa Masama, kwenye zahanati yetu iliyobanwa na migomba upande mmoja na barabara ya vumbi upande wa pili. Kabla ya hapo alikuwa mjini, wodi ya wazazi ya hospitali ya Mawenzi, na wanaomkumbuka kule wanasema hata enzi hizo alikuwa akitembea kama mtu aliyeacha maziwa jikoni.

Tulipogawana kazi za sherehe, wenzangu walipewa viti, turubai na ndizi za kumenya. Mimi mhudumu nilipewa wasifu. Daktari Aristides, mganga mfawidhi wetu, alisema nina mtoto anayenyonya, na kunyonyesha na kuandika zote ni kazi za kukaa. Yeye hajawahi kunyonyesha. Nimeandika kwa vipande, mtoto akisinzia, kwa hiyo mkiona pahali pamerukwa mjue hapo aliamka.

Sista Ndelilio ana swali lake. Kila mama akishaingia, akishaamkia na kuketi, kabla ya presha wala uzito huulizwa: umefikaje, na umeacha nini nyumbani? Wageni hudhani ni salamu. Sisi tuliofanya naye kazi tunajua ni kipimo, tena ndicho anachokiamini kuliko vyote. Mama mmoja atasema amekuja kwa miguu tangu alfajiri. Mwingine ameuza kuku. Mwingine amemwachia jirani mgonjwa. Sista husikiliza, halafu ndipo anaamua ampe nini na arudi lini.

Swali hilo lina asili yake, na mwenye asili yenyewe ameniruhusu niieleze. Anaitwa Kindness. Kihamba chao, yaani shamba la ukoo, ni cha mwisho kule juu, ukitoka hapo ni msitu. Alipojifungua mtoto wake wa tatu, Denis, alitoka damu nyingi mpaka akakimbizwa mjini, na siku ya kuruhusiwa aliambiwa bila kufichwa kwamba mimba nyingine ya karibu inaweza kumwondoa duniani. Sindano ilimsumbua, kijiti cha mkononi alikiogopa, akachagua vidonge vya kupanga uzazi. Alikuja mwezi wa kwanza, akaja wa pili. Baada ya hapo hatukumwona.

Sasa, huku kwetu mwanamke akiacha vidonge, kila mtu ana jibu mfukoni: mume amekataa. Sista naye alilichukua jibu hilo hilo, akapanda nalo mlima. Alikataa pikipiki, akasema njia ya mgonjwa inajulikana kwa miguu. Njia nzima alikuwa anapanga maneno ya kumwambia huyo mume, na anayemfahamu Sista anajua maneno hayo hayakuwa na sukari. Alimkuta Filemon, mume wa Kindness, akikata majani ya ng'ombe. Akamwamkia mama mkwe kwa adabu zote, kisha akamgeukia Filemon na kuyamwaga yote: habari za damu, za watoto watatu watakaolelewa na nani, za wanaume wanaotaka kuhesabiwa watoto kama mikungu. Filemon aliegemea panga lake akasikiliza mpaka mwisho.

“Umemaliza, Sista?” akasema. “Mimi ndiye ninayemhimiza aje. Aliyekataa ni nauli.”

Kisa hiki Sista mwenyewe amekisimulia kwenye kila semina, tena kwa kucheka mpaka anajifuta machozi, ili vijana wasipande mlima na jibu la kuazima. Lakini siku ile hakucheka. Vidonge kwenye zahanati ya serikali mama halipii, na kwa kuwa wote tunalijua hilo, hakuna aliyekuwa akiuliza zaidi. Kumbe dirishani ni bure, njiani si bure. Pikipiki ya kushuka na kupanda, wakati wa mvua hasa, ilikuwa inakula maziwa yote ya siku. Kindness akishuka kwa miguu, jua lilimkuta njiani na ng'ombe akabaki na njaa. Mwezi mmoja alinunua kwenye duka la dawa, wakampa vya boksi zuri, na jirani akamtia maneno kwamba hivyo ndivyo vyenye nguvu, vya bure ni vya kujaribia tu. Vilipokwisha hakuwa na uwezo wa kununua vingine, na vya bure alishaacha kuviamini. Akabaki na maombi.

Sista alitoa pakiti kwenye mkoba, akaiweka kando ya ile tupu ya dukani, akawasomea Kindness na mumewe yaliyoandikwa nyuma. Dawa ile ile, kiasi kile kile. Kilichozidi ni boksi. Halafu akampima Kindness mimba.

Hakuwa nayo. Kindness anasema alipogeuka kumshukuru Sista, alimkuta ameketi juu ya majani ya ng'ombe, mikono magotini. Mtu niliyemwona akizalisha mapacha kwa mwanga wa simu bila kutetemeka, siku ile alilazimika kukaa chini. Alikuwa amejua, kabla yetu sote, jinsi tulivyokuwa karibu kumpoteza mama kwa ajili ya nauli.

Akamwachia pakiti tatu badala ya moja, na wakati wa kuagana akamuuliza huwa anafika wapi kila siku. Kindness akajibu kwamba kila asubuhi hufika kwenye maziwa, maana yake pale ushirika unapopokelea maziwa, chini ya kanisa. Hapo Sista akaona kitu ambacho sisi tulikuwa tunapita mbele yake kila siku. Kindness alikuwa akimaliza nusu ya njia kila asubuhi. Nusu iliyobaki ndiyo iliyomshinda. Basi zahanati ipande hiyo nusu.

Sista alipoomba aweke meza pale kila Jumanne, mwenyekiti wa ushirika wa maziwa, Mzee Ebenezeri, alikataa. Alisema pale ni mahali pa maziwa, mambo ya wanawake yana mahali pake. Sista hakupandisha sauti. Alimwamkia tena upya, kama ndiyo kwanza amefika, akatazama foleni ya kina mama na ndoo zao.

“Baba,” akasema, “maziwa haya yameletwa na nani?”

Jumanne iliyofuata meza ilikuwa pale, kando ya mzani.

Na hapa ndipo akili ya huyu mama inaponishangaza. Alianza kwa kumpima presha kila anayepita, wanaume kwa wanawake, ili asijulikane nani amefuata nini. Wa kwanza kukalishwa alikuwa Mzee Ebenezeri mwenyewe. Presha yake ilikuwa juu, akaanzishiwa dawa, na tangu hapo akajifanya mlinzi wa meza. Anayesogea kusikiliza ya wenzake hufukuzwa kwa fimbo. Mama mpya hupewa pakiti moja na kuangaliwa. Aliyezoea na ambaye presha yake imetulia hupewa tatu, asirudi kwa kitu ambacho angeweza kuondoka nacho. Anayenyonyesha hupewa vidonge vya wanaonyonyesha. Dawa zikianza kupungua stoo, Sista hupiga simu wilayani mapema, au huazima zahanati ya jirani. Ikitokea lazima mama anunue, anamwandikia jina la dawa, si jina la boksi, na kumwambia duka gani lina ya bei nafuu. Sijawahi kumsikia akimwambia mtu “nenda kanunue” akaishia hapo.

Wanaosahau kumeza aliwapa sheria moja: usimshike ng'ombe chuchu kabla hujameza. Ng'ombe hasahau kukamuliwa, atakulilia. Mama mmoja aliuza ng'ombe wake, akaja kuuliza afanye nini sasa. Sista akamwambia amwazime wa jirani amtazame tu.

Msidhani tumefanya kazi na malaika. Ni mkali. Ukichelewa hakusemi, anakutazama. Kwenye kwaya anaimba sauti ya pili kwa nguvu ya sauti ya kwanza. Na mimi nilipojifungua na kurudi kazini mapema kwa sababu zangu, aliniletea mtori wa ndizi kwenye chupa ya chai, akaketi mpaka nimeumaliza, kisha akaniuliza lile swali lake kama mteja mwingine yeyote. Nilimjibu, na nilitoka na pakiti zangu.

Lipo neno moja gumu, nalisema kwa heshima, lakini nalisema. Imekuwa ikinong'onwa kwamba Sista akiondoka, meza nayo itarudi ndani, maana tutabaki wachache. Walionong'ona hawamjui Kindness, wala hawajui akina Kindness wengine wako wangapi kule juu. Meza haikuwa ya Sista. Ilikuwa ya ile nusu ya njia, na nusu ya njia haistaafu. Jumanne ijayo itakuwa pale kando ya mzani. Daktari Aristides ameisoma aya hii kabla haijapelekwa kuchapwa. Alikuna kichwa, hakuifuta.

Chai mtakayokunywa leo, maziwa yake yametoka kwa ng'ombe wa Kindness. Ameyaleta mwenyewe, na Denis amembebea kifuniko. Mwaka huu ameanza darasa la kwanza, na nyuma yake hajafuata mwingine. Nilimwomba mama yake aseme machache kwenye sherehe, akakataa, akaniambia niandike hivi tu: “Siku hizi nachoka kwa kazi, sichoki kwa hofu.”

Aika mae, asante mama, Sista Ndelilio. Kwa niaba ya wafanyakazi wote na ya kina mama wasioweza kusimama hapa wakasema walikuja kwako kufuata nini, tunakushukuru. Mungu akupe afya, migomba yako kule kijijini Nguni izae, na wajukuu wakuache ulale mchana. Siku ukipita kutusalimu tutakukalisha kwenye kiti cha wagonjwa na kukuuliza umefikaje, na umeacha nini nyumbani. Tunaomba jibu lako liwe kwamba umefika polepole, na hukuacha kitu.