Sanduku Lililonyweshwa Kahawa

Mpaka leo Seremala hajafumbua fumbo hili: mbao inawezaje kukumbuka zabibu ambazo haikupata kuziona? Asubuhi ile lilimkalia kichwani akiwa kwenye benchi nje ya karakana yake, pale kwenye kona ambapo malori hupunguza mwendo na kivuli cha ukuta huondoka saa sita kamili. Mbele yake lilikuwa sanduku la nguo alilomtengenezea binti yake anayeolewa. Wiki sita za kazi. Kifuniko kimepinda kama mgongo wa paka anayejinyoosha, rangi ya asali iliyoungua. Mbao alizitoa kwenye pipa kuukuu lililokuwa pambo la baa ya hoteli. Lakini kila akilifungua, sanduku lilitoa harufu tamu ya kinywaji, na saa nne mama wa bwana harusi, mwenyekiti wa kina mama wanaopinga ulevi, angekuja kulichukua.

— Akilinusa tu, harusi imeingia mdudu, alisema Seremala. Na ndicho kitu pekee nilichomtengenezea mwanangu kwa mikono yangu.

Mzee Glasi, aliyestaafu baada ya miaka thelathini nyuma ya kaunta ya hoteli hiyo, akaingiza pua sandukuni na kufumba macho.

— Zabibu kavu. Ganda la chungwa. Karafuu kwa mbali. Hii ni sheri, bwana.

— Si ulisema lilikuwa pipa la wiski? aliuliza Breki, fundi baiskeli, aliyepewa jina hilo kwa kuwa mdomo wake hauna.

— Wiski ilikuja baadaye. Kwanza pipa linakaa na sheri, mvinyo mzito, mpaka mbao zishibe. Mvinyo ukihama, inaingia wiski ya shayiri, ile ya kiwanda kimoja, isiyochanganywa na ya jirani. Inaingia haina rangi, kama maji ya bomba. Inakaa humo miaka kumi na minane. Ikitoka ni nyekundu, imejaa zabibu.

— Nani kaziweka?

— Hakuna.

— Kwa hiyo mpangaji wa pili anakula chakula cha mpangaji wa kwanza!

— Ndio utamu wake huo. Wageni walikuwa wanakaa na glasi moja saa nzima. Hawanywi, wanaitazama tu kama barua ya mchumba.

— Na mdomoni ikoje?

— Sijui. Sijawahi kuonja. Mimi ni pua tu, miaka thelathini.

— Kikulacho ki nguoni mwako, alisema muuza kahawa, ambaye wote humwita Shangazi. Maana yake, mkwe atazinusa nguo.

— Methali hiyo haina maana hiyo, Shangazi.

— Leo inayo.

Breki akasimama.

— Nimepata! Mbao zimekunywa, hazijanywa?

— Zimekunywa miaka.

— Basi sanduku limelewa. Mlevi anapewa nini? Kahawa!

Seremala alitaka kucheka, ila ilikuwa saa tatu na nusu, na mfa maji haachi kutapatapa. Wakapanga vikombe vinne vya kahawa ya moto ndani, wakafunika.

— Ongeza viwili, alishauri Mzee Glasi. Ulevi wa miaka kumi na minane hauamki kirahisi.

— Na tulipige makofi kidogo mgongoni, alisema Breki. Samaki mkunje angali mbichi.

— Lina umri wa kuoa hilo, utalikunja wapi? alisema Mzee Glasi. Mimi naona halijalewa, lina huzuni. Linaukumbuka mvinyo kama mjane.

— Basi tulitafutie mume! Tulijaze maziwa!

— Vitunguu, alisema Shangazi. Harufu zikigombana, pua haijui imwamini nani.

Akaongeza vile vikombe viwili, akainamisha tena birika. Yakatoka matone mawili.

— Kahawa imekwisha, jamani. Sanduku limeimaliza.

Hapo ndipo mama wa bwana harusi alipokunja kona, kawahi.

— Hamjambo hapa?

— Hatujambo, mkwe. Karibu.

Kabla Seremala hajasogea, mama alikwisha kuinua kifuniko. Mvuke ukampanda usoni. Vikombe sita vilimtazama.

— Mkwe, kuna wageni ndani?

Kwa mara ya kwanza Breki alipata breki. Mama akainama, akanusa. Akanusa tena, taratibu.

— Kahawa naiona. Nauliza zabibu. Nani kaweka zabibu humu?

Mzee Glasi, aliyekuwa akilieleza jambo hilo tangu asubuhi, alitazama viatu vyake.

Seremala angeweza kusema ni vanishi. Neno lilimfika ulimini, akaona si vyema kitu cha mwanawe kiingie nyumba ya watu kimebeba uongo.

— Lilikuwa pipa la wiski, mkwe. Na kabla ya hapo, la mvinyo. Ukilikataa nitaelewa.

Mama akaligonga sanduku kwa kidole.

— Limeacha?

— Limeacha.

— Tangu lini?

— Wiki sita.

— Marehemu mume wangu aliacha mara tisa, alisema mama, na hata siku moja hakunukia hivi.

Akainama tena, safari hii bila kuuliza kitu.

Ikaamuliwa hivi: kwanza kahawa isipotee, na kila mtu akapewa kikombe chake. Mzee Glasi alikunywa polepole, akaapa kwamba ilikuwa na ganda la chungwa. Pili, sanduku liende, ila kifuniko kiwe wazi njia nzima lipungwe na upepo, na mpaka siku ya harusi likae chumbani kwa mama mwenyewe, aliangalie kwa karibu. Breki akashika mbele. Nyuma, ambako mbebaji huinamia sanduku lililo wazi, aliomba kushika Mzee Glasi, mwenye mgongo mbovu, na hakutaka kupokewa hata mara moja mpaka wakafika.