Celestine Mokeira na Tofali Lililonyeshewa

Mama Duke, tunayemsindikiza leo, hakupenda kitu kielezwe nusunusu, kwa hiyo tuanzie mwanzo. Celestine Mokeira alizaliwa tarehe 14 Machi 1968 huko Marani, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Ombati Nyangate na marehemu Mama Nyaboke. Dada zake wanasimulia kwamba akitumwa mtoni alirudi na ndoo yenye maji nusu na mawe nusu, na jioni hiyo chakula kilichelewa.

Alisoma shule ya msingi na ya upili huko huko Marani, akamaliza kidato cha nne mwaka wa 1986. Aliendelea na masomo ya ujenzi katika chuo cha ufundi Kisumu na kuhitimu mwaka wa 1990. Mwaka uliofuata aliajiriwa na kampuni moja ya ukandarasi mjini Kisii, katika chumba cha kupimia vifaa vya ujenzi. Hapo mawe, mbao na matofali yalibanwa kwa mashine mpaka yapasuke, ndipo ijulikane yanabeba uzito gani. Mumewe alipenda kuwaambia wageni kwamba ameoa mwanamke anayelipwa mshahara kwa kuvunja vitu.

Mume huyo ni Mwalimu Momanyi Anyona wa Ikonge. Walifunga ndoa tarehe 19 Disemba 1993, na Mungu akawajalia Duke na Sharon. Mwalimu alizoea kukuta matofali yamelowekwa kwenye karai la kufulia nguo zake, mkewe akitaka kujua yanakunywa maji kiasi gani. Kwanza alinung'unika, kisha akanunua karai la pili, na huo ndio uliokuwa mwisho wa ugomvi wao mkubwa.

Mwaka wa 2010 kampuni iliachana na mafaili, naye Celestine akakabidhiwa hifadhidata, yaani programu ya kompyuta ambamo kila kifaa kina ukurasa wake: kimetoka wapi, kina uzito gani, kinabeba kiasi gani na kinakunywa maji kiasi gani. Mafundi walizisoma namba hizo kabla ya kuinua ukuta. Aliipenda kazi hiyo kama wengine wanavyopenda shamba la chai. Aliipalilia kila asubuhi, na ole wako uandike "jiwe" bila kusema ni jiwe la wapi.

Sasa tufike mahali ambapo yeye mwenyewe asingekubali turuke. Kina mama wa Dorkas, kikundi cha wanawake wa kanisa hapa Ikonge, walikuwa wamefyatua na kuchoma matofali ya kujengea kanisa hili, wakiongozwa na mama mkwe wake, Mama Momanyi. Januari 2014, kiangazi kikiwa kikali, Celestine aliyapima, yakafaulu vizuri, akaiweka namba yake kwenye programu na jina lake chini. Ujenzi ukaanza. Aprili mvua zilipofunguka, aliinua tofali moja kati ya hayo, lililokuwa likizuia mlango wa jikoni kwake, na pembe yake ikabaki kiganjani. Alirudi kazini, akayaloweka mengine, akayapima upya. Nguvu zilikuwa zimeshuka nusu nzima.

Kuta zilikuwa zimefika madirishani. Aliogopa sana; aliwahi kusema hakuwahi kuogopa hivyo hata siku ya kujifungua. Namba angeweza kuibadilisha kimyakimya, kwani programu ya wakati huo iliruhusu. Lakini ukuta haubadilishwi kwa kompyuta, na chini yake wangekaa watu. Jumamosi ya tarehe 26 Aprili, wakati wa matangazo ya ibada, alisimama mbele ya washiriki wa kanisa akaomba ujenzi usimame.

Mama Momanyi alikuwa kiti cha mbele.

"Mama Duke," akamwambia, "hizo tofali tulichoma sisi. Maji ya kukanda udongo nilibeba na hii kichwa."

"Najua, mama," Celestine akajibu. "Na mimi ndiye nilisema ziko sawa. Nilizipima zikiwa kavu, na hapa kwetu hakuna kitu hukaa kikavu. Makosa ni yangu, si ya tofali."

Kuta za nje zilijengwa upya kwa mawe, na matofali yakahamishiwa ndani, kwenye vyumba ambavyo mvua haifiki. Mama Momanyi aliendelea kumsalimia mkaza mwanawe kwa heshima, lakini hakukanyaga nyumbani kwake hadi makambi ya kanisa ya Agosti yalipokwisha. Celestine aliumia, ila hakujitetea. Kwenye programu aliongeza nafasi mbili kwa kila kifaa, moja ya kikavu na moja ya kilichonyeshewa, na akaomba itengenezwe ili namba ya zamani isifutike. Anayerekebisha aandike sababu na jina. Ile namba ya Januari iko pale hata leo, na kando yake ameandika: "Nilikosea. C. Mokeira."

Siku moja Mama Momanyi akatokea ofisini Kisii na mkungu wa ndizi, akitaka kuona tofali lake limeandikwa wapi. Akaonyeshwa. Akauliza kwa nini mtengenezaji hatajwi, na Celestine akaandika papo hapo: "Kina mama wa Dorkas, Ikonge."

"Andika pia kwamba likikauka ni zuri," mama akasema. Akaandika hivyo, wakala ndizi pamoja.

Mapema mwaka wa 2024 Celestine aligundulika kuwa na saratani ya tumbo. Alitibiwa Kisii na Eldoret, na katikati ya matibabu aliwafundisha wenzake programu mpaka aliporidhika nao, jambo ambalo halikuwa rahisi. Alilala mauti asubuhi ya Alhamisi, tarehe 6 Novemba 2025, nyumbani Ikonge, mumewe na watoto wakiwa kando ya kitanda. Alikuwa na umri wa miaka 57. Tumelia, na tutalia tena, lakini hatuna la kumdai.

Ameacha mumewe, Mwalimu Momanyi. Watoto wake, Duke na Sharon. Mjukuu mmoja, Purity. Dada zake wawili. Na mama mkwe wake, Mama Momanyi, ambaye Jumatatu alikuta vijana wakipanga yale matofali yake yaliyobaki ili wajengee kaburi. Aliwaambia wayarudishe.

"Hapa kwetu hakuna kitu hukaa kikavu," akawaambia. "Mama Duke mjengeeni mawe."

Kaburi limejengwa kwa mawe. Alale humo kwa amani hadi asubuhi ya ufufuo.