Tanzia ya Timu ya Riyadh

Afra: Haloo, nani mwenzangu?

Muhsin: Muhsin huku. Mbona simu ya Riyadh inapokewa na dada mtu? Hujambo, dada Afra?

Afra: Sijambo.

Muhsin: Basi nipe huyo mfiwa.

Afra: Kumbe umepata habari.

Muhsin: Nisipate vipi, na mimi ndiye niliyetangaza? Mpe simu nimpe pole yake. Niko kwenye tramu hapa Croydon, mtandao unakatakata, mwambie asijifiche. Wiki nzima hakugusa timu yake ya fantasi, mpira wetu wa kwenye simu. Kapteni wake majeruhi, kamwacha vile vile. Mtu unamfunga mpaka unamwonea huruma—

Afra: Muhsin.

Muhsin: —na ligi yetu sheria ni moja, ukifungwa timu yako inatangaziwa tanzia grupuni. Yeye mwenyewe alinizika mwezi uliopita, nikacheka—

Afra: Muhsin, mama kafa.

Muhsin: (mtandao unakwaruza) Unasemaje?

Afra: Mama. Bi Time. Jana, hospitali, kabla ya magharibi.

Muhsin: Jana magharibi ndiyo nime—

Afra: Najua. Ile voisi yako iliingia tumekaa pembeni ya kitanda chake. Umeigiza sauti ya mtangazaji wa msikitini, eti timu ya Riyadh haipo tena, maziko kesho. Kaka Riyadh kaifungua akidhani ni mjomba kutoka Wete.

Muhsin: Inna lilla—

Afra: Usiiseme hiyo. Jana umeshaisema kwa mpira.

Muhsin: Lakini Riyadh hakusema kitu. Angeandika grupuni tungejua.

Afra: Kaandika. Usiku ule ule. "Mama ametutoka. Tunazika kesho baada ya adhuhuri, mtuombee." Nani alikuwa wa kwanza kumjibu?

Muhsin: Nilidhani anaendeleza utani. Wallahi nilidhani ni mambo ya ligi.

Afra: Ulimjibu nini?

Muhsin: Dada, nakuomba.

Afra: Nisomee. Simu si unayo mkononi.

Muhsin: (kwa sauti ndogo) "Pilau la msiba lisikose nyama, mfiwa."

Afra: Na baada yako?

Muhsin: Vuai kacheka. Wote wamecheka.

Afra: Basi ndiyo hivyo. Toka asubuhi tumekaa hapa Harrow tunaangalia mlango. Grupu hilo ndilo tunalopashania habari za misiba sote tulio London, hatuna jengine. Aliyekuja ni Tejal, jirani yetu, Mhindi wa watu, kaleta chupa ya chai na hajui hata aseme nini. Yeye hayumo kwenye ligi yenu.

Muhsin: Si angetuma tena, aseme ni kweli?

Afra: Kakataa. Kasema hatowabembeleza watu waamini kama mamake kafa.

Muhsin: (mlango wa tramu unafunguka)

Afra: Upo?

Muhsin: Nipo. Nimeshuka kwenye tramu, nimesimama tu. Dada Afra, naona haya mpaka sijui nijifiche wapi. Nyumba hiyo mimi nimekula. Nilipokuja kutoka Pemba sina hata koti, Bi Time ndiye—

Afra: Najua alivyokufanyia.

Muhsin: Na toka Jumatano nilikuwa naona hajagusa timu. Riyadh, mtu anayebadilisha kipa akiwa kazini. Nilijua kuna jambo. Nilijua kabisa. Nikasema moyoni, vizuri, wiki hii ni yangu. Kumpigia simu nisimpigie.

Afra: Jumatano ndiyo mama alilazwa. Sikiliza— unakatika— nasema, wapigie watu. Mmoja mmoja. Usitume voisi, maana sauti yako hakuna atakayeiamini.

Muhsin: Naanza na Vuai sasa hivi. Na mimi... mimi nije?

Afra: Ngoja, kaka anauliza nani kwenye simu.

Muhsin: Usimwambie.

Afra: Nishamwambia. (anamsikiliza kaka yake) Kasema uje. Wa kubeba jeneza hawatoshi.

Muhsin: Kasema hivyo tu?

Afra: Hivyo tu. Haya, gari la kutupeleka msikitini limefika, inanibidi nifungue mlango.

Muhsin: Dada, mwambie Riyadh—

Afra: Utamwambia mwenyewe. Piga simu, Muhsin. Huko grupuni bado wanacheka.