Marehemu Detmar, Mchonga Peni wa Rodenau

Baba yetu mpendwa, Detmar, alizaliwa hapa Rodenau, Saksonia, siku ya Mtakatifu Martino mwaka 1271. Alikuwa mtoto wa pili wa mzee Volkmar, mchonga chapa za kupigia peni, sarafu zetu ndogo za fedha.

Alisomeshwa na watawa. Kwa kuwa alikulia kwenye benchi la babake, ambako herufi huchongwa kinyume ili zitoke sawa kwenye fedha, aliandika hata sala kinyumenyume. Walimchapa mpaka wakachoka wao.

Mwaka 1289 aliingia nyumba ya sarafu. Kazi ile mnaijua: kila gulio la Mtakatifu Yakobo peni zetu zilikufa, yaani bwana mkubwa alizifuta zisinunue kitu tena, ukapeleka nne kuukuu, ukarudishiwa tatu mpya, ya nne ikabaki kwake. Mwaka 1294 alimwoa mama yetu, Kunigunda, muuza chumvi, aliyemwambia mbele ya washenga, "Kumbe ni wewe unayeninyang'anya peni yangu kila mwaka! Basi nakuja kukaa nawe, nikuchunge." Na kweli alimchunga.

Mwaka wa njaa, 1316, msimamizi wa bwana mkubwa alitaka chapa ya pili mwaka uleule, ili peni zife mara mbili. Baba akakataa.

"Mkulima gani atauza shayiri kwa pesa inayokufa kesho? Mtatuua!"

"Kazi yako kuchonga, Detmar, si kusema."

"Haya, chonga mwenyewe!"

Akafukuzwa. Akachonga mwingine. Wakulima wakafungia nafaka ghalani, gulio likawa tupu, na mdogo wangu Heino akafa kwa njaa. Tangu hapo Baba alifua bizimu za mikanda. Mimi bintiye, Jutta, ninayesoma haya, sijawasamehe waliomfukuza, na sitajifanya nimewasamehe.

Mwaka jana mji wetu ulinunua kwa bwana haki ya kuwa na peni isiyokufa. Wazee wa mji wakaja nyumbani: "Mzee Detmar, tuchongee." Kifua kilikuwa kimeshamwandama, macho yamefifia. Alichonga huku nimemshika kiganja, akikohoa na kunigombeza, "Usitetemeke wewe, natetemeka mimi yatosha!" Alipomaliza hakuinuka tena kitandani. Alifariki asubuhi ya Mtakatifu Gregori, Machi 1341.

Ameacha mjane, Bi Kunigunda, binti mmoja na wajukuu watatu.

Ndugu zetu maskini mtakaopewa sadaka mlangoni leo, peni hizo zimetoka kwenye chapa yake. Msikimbilie kuzitumia. Zifungeni kwenye pindo mkipenda. Hata mwakani zitanunua mkate.

Pumzika, Baba.