Boti Inayozimwa Makusudi

Ukishuka barabara ya sokoni, ukawapita wauza asali, utakuta benchi refu la mninga mbele ya karakana ya Humaidi, fundi wa kusuka mota. Hapo ndipo Tabora nzima inapoendeshwa. Kama huamini, muulize Adinani, ambaye kwa kujua habari za dunia kuliko dunia yenyewe wamembandika jina la Setelaiti. Ubavuni mwake hukaa Mabruki, dereva mstaafu wa treni, wenyewe wanamwita Bogi. Omari muuza kahawa hutua jiko lake la mkaa mbele yao, akawamiminia huku akiwasikiliza wanavyotoana jasho kwa hoja. Alasiri ile wote walikuwepo, ila mawazo ya Humaidi yalikuwa kwenye simu. Ilikuwa pajani. Anaitazama, anaigeuza, anaitazama tena.

— Sheikh wangu, kahawa inapoa, alisema Bogi. Kulikoni?

Humaidi aliona bora aseme. Mzigo ulikuwa umemshinda.

— Zeyana yuko baharini leo.

Zeyana ni binti yake, fundi umeme wa boti huko Dar es Salaam. Wote pale walimjua tangu akiwa anachezea nyaya za shaba mlangoni mwa karakana.

— Si ndiyo kazi yake? akauliza Setelaiti.

— Wanaijaribu boti mpya ya kifahari. Katamarani. Ina matumbo mawili, inakwenda kwa betri na kwa dizeli. Kabla mwenyewe hajakabidhiwa, lazima ipelekwe kwenye maji makubwa ijaribiwe. Wanaikimbiza mpaka mwisho wa nguvu zake, wanaisimamisha ghafla. Halafu wanaizima.

— Wanaizima vipi?

— Yote. Injini, betri, taa, usukani. Waone kama itaamka yenyewe.

— Makusudi?

— Makusudi.

— La haula! Na ikigoma kuamka, nani anaiamsha?

— Zeyana, alisema Humaidi. Yeye ndiye aliye chini kwenye chumba cha betri. Alisema angepiga kabla ya alasiri. Watu wameshaswali, wametoka msikitini, hajapiga. Tena kaniapisha mama yake asijue, kwa sababu ya presha yake.

Sasa hapo, mtu mwenye busara angesema Mungu amjalie, akanywa kahawa yake. Lakini busara kijiweni pale haina kiti.

— Mimi nimeendesha treni ya Kigoma mpaka nikastaafu, alianza Bogi. Injini ikizima porini kule Usinge, unateremka, unakoka moto, unachemsha chai, unasubiri wenzako. Chini kuna ardhi, bwana. Hawa wakizima wanateremkia wapi?

— Bogi! akamkemea Omari.

— Nauliza tu. Halafu matumbo mawili, kila moja na mota yake. Likiamka moja, jingine likagoma? Boti itazunguka palepale mpaka watu watapike nyongo.

— Kuzunguka afadhali, alidakia Setelaiti. Umeme na chumvi hawaelewani. Bahari ikiionja ile betri mara moja tu, inaunyonya umeme wote. Mnadhani mwanga ule unaong'aa majini usiku unatoka wapi? Umeme wa watu ule!

— Acha kamba, alisema Omari.

— Kamba? Haya, nikupe nyingine. Boti ya betri haina mlio. Nyangumi amelala zake chini, hajui kama juu kuna watu. Akijigeuza kidogo tu...

— Pengine ni mtandao, Mzee Humaidi, Omari akajaribu kumtuliza. Boti yenye mitambo mingi namna ile inaumeza mtandao wote. Hata angetaka kupiga, angepigaje?

— Au simu imeshalowa, alimalizia Bogi.

— Nyamazeni!

Hawakuwahi kumsikia Humaidi akipaza sauti. Aliogopa, jamani, aliogopa kweli. Nyangumi wa Setelaiti hakumbabaisha, lakini mota alizijua. Alijua shaba ikianza kuungua inavyonuka, na ni yeye aliyemfundisha Zeyana kunusa kabla ya kushika. Humu karakanani ukisikia harufu ile unatoka nje, unasimama barabarani, unapunga hewa. Kule chini ya boti, kwenye tumbo jembamba lile, mtoto atoke aende wapi? Na mama yake alikataa tangu mwanzo. Alisema waziwazi kwamba hataki mwanawe aende kufanya kazi juu ya maji. Humaidi ndiye aliyesema aende. Likitokea la kutokea, atamtazama mkewe Sheima kwa jicho gani?

Alipoinua uso, Sheima huyo anakuja.

Alitokea upande wa sokoni, buibui limekaa vibaya, anatembea mbio mbio. Mwanamke yule akiwa na shida na mumewe hutuma mtu, haji kijiweni. Wanaume wakajiweka sawa.

— Shikamoo, Bi Sheima, alisema Omari.

— Marahaba.

— Karibu, shemeji, alisema Bogi. Tulikuwa tunazungumza mambo ya mvua.

Hakumtazama hata kidogo.

— Baba Zeyana, amepiga?

— Nani? alisema Humaidi.

— Usinifiche! Alinipigia asubuhi. Akaniambia yote, boti na kuzimwa kwake. Akaniapisha nisikwambie, eti moyo wako hautaweza. Nimekaa na jambo hili peke yangu mchana kutwa. Mboga imeungua, swala nimeikosea, nimeshindwa. Nimekuja.

Humaidi akamgeuzia kioo cha simu aone mwenyewe: hakuna aliyepiga.

Bi Sheima akawageukia wote, mmoja mmoja.

— Imewaka?

Bogi akaangalia viatu vyake. Setelaiti, aliyekuwa na jibu la nyangumi na la chumvi, akashusha macho kwenye kikombe. Omari akaliinamisha birika ajipe la kufanya, yakatoka machicha matupu.

Humaidi akasogea. Mkewe akakaa pale benchini, katikati ya wanaume, na hakuna aliyeona ajabu.

— Mimi ndiye niliyemruhusu, Humaidi alisema taratibu.

— Na mimi ndiye niliyemfungia mizigo, alijibu Bi Sheima.

Akamshika mumewe mkono mbele za watu. Simu ilikuwa kati yao, bado haijalia, na kijiwe kizima kikakaa kuisubiri pamoja nao.