Ufunguo wa Fundi Kaveke

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo Jumamosi ya leo. Tunamkumbuka Fundi Kaveke wa soko la Kikima, tuliyemzika Alhamisi. Alikuwa na miaka sabini na moja. Ameacha mke, Mbithe, na mwana mmoja, Mwau.

Fundi Kaveke alikuwa mtu wa leithi, ile mashine ya kukereza vyuma. Shafti ya posho mill, mashine ya kusaga unga, ikikatika, pampu ya maji ikikwama, watu wa Mbooni yote walisema, "Peleka kwa Kaveke." Mimi nilimjua kwa sababu nilimfanyia kazi likizo tatu, nikiwa chuo.

Alikuwa na sheria moja tu. Ule ufunguo wa kukazia chuma kwenye mashine, ukitoka mkononi unaenda kwa msumari ukutani. Si mezani. Si mfukoni. Alikuwa akinitania, "Wewe msomi, huo msumari hauna digrii, lakini unakumbuka kuliko wewe!"

Likizo ya tatu, mwezi wa Desemba, simu yangu ikalia. Mwenzangu wa chuo. Nimepita mtihani! Nikatoka mbio nikipiga kelele, ufunguo nimeuacha kwenye mashine. Fundi akacheka, akafurahi na mimi, akaja kuendelea na kazi yangu. Akawasha. Ufunguo ukaruka, ukampiga jicho la kushoto.

Narudia, wasikilizaji: ufunguo niliuacha mimi.

Hospitalini waliuliza ni nani aliyeuacha ufunguo kwenye mashine. Fundi akajibu, "Ni mimi. Ni uzee." Uzee gani, na alikuwa na miaka hamsini na miwili? Jicho halikupona. Mimi nilikuwa nimesimama hapo, na nikanyamaza. Januari nikarudi chuo. Sikukanyaga Kikima tena kwa miaka kumi na tisa, kwa aibu.

Jumatano nilienda matangani. Mama Mbithe akanishika mkono.

"Tulijua, mwanangu. Mzee hakuwa mtu wa kusahau ufunguo. Lakini kila Jumamosi alifungua redio kusikiliza kipindi chako, akasema, 'Nyamazeni, huyo ni kijana wangu. Siku moja atapita hapa.'"

Mama Mbithe, Mwau, poleni sana. Nawe unayenisikiliza, kama kuna mtu unamkwepa kwa kosa lako, nenda leo, angali anaweza kukuitikia.

Kila Jumamosi nimeongea na Fundi Kaveke, wasikilizaji. Neno pole sikumwambia.